Rekoda ya chaneli 8 inatambua watu kwenye kamera 2 tu: je, ni mbovu?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaikum ndugu zangu. Nina nyumba ya wageni hapa Langoni, na mwezi uliopita nilifungiwa rekoda ya bei nafuu ya chaneli 8 pamoja na kamera 6 za kebo ya koaksia. Boksi lilisema kwamba rekoda hubagua watu na magari ikayaacha mengine yote, na hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa ukinitumia arifa usiku kucha, kila punda alipopita uchochoroni na kila kusi ilipoutikisa mnazi wa uani. Nimewasha utambuzi huo kwenye kamera ya daka na ya ngazi ya nyuma, lakini nikifika kwenye ya tatu menyu inakataa. Tena nilipochora mstari wa kuvuka pale mlangoni, yaani mstari wa kwenye picha unaotoa arifa ukivukwa, utambuzi wa watu ulijizima. Aliyeniuzia aliniambia nisasishe programu ya rekoda. Nimefanya hivyo mara mbili, na hali ni ile ile.

Fundi wa Malindi

Waalaikum salaam. Rekoda yako ni nzima, ila umeuziwa maneno ya boksi. Utambuzi wa kawaida wa mwendo ni kazi nyepesi: fremu moja hulinganishwa na iliyotangulia, na sehemu za picha zikibadilika kupita kiwango ulichoweka, arifa hutoka, ndiyo maana hata buibui anayetanda mbele ya lenzi, akimulikwa na taa za infraredi, huhesabiwa kuwa mgeni. Kumbagua mtu ni kazi ya aina nyingine, kwa kuwa picha hupitishwa kwenye mtandao wa neva bandia (programu iliyofunzwa kutambua maumbo) unaodai mahesabu mengi mno kila sekunde, na katika rekoda za bei hiyo mahesabu hayo huiangukia chipu ile ile inayobana video za chaneli zote, kuziandika kwenye diski na kuzituma kwenye simu yako. Mtengenezaji hana budi kuupima uwezo huo mdogo, akatoa chaneli 2 au 4 za utambuzi katika rekoda ya chaneli 8. Mstari wa kuvuka nao unagombea nafasi hiyo hiyo, hivyo ukiwashwa, mwenzake huzimwa. Programu mpya huondoa kasoro, lakini haiongezi chipu. Siku nyingine, kabla ya kulipa, soma jedwali la sifa utafute idadi ya chaneli za utambuzi, ambayo si sawa na idadi ya chaneli za kurekodi.

Msimamizi, Shela

Sisi tuliondokana na tatizo hilo kwa kununua kamera za mtandao zenye chipu yao wenyewe, zinazomtambua mtu zenyewe na kuipa rekoda taarifa tu. Hata hivyo, hakikisha rekoda inazielewa taarifa hizo, kwani kamera ya chapa moja ikiunganishwa na rekoda ya chapa nyingine kwa ONVIF, yaani lugha ya pamoja ya vifaa vya chapa mbalimbali, mara nyingi kinachopita ni mwendo wa kawaida tu. Usishawishike pia na kamera za koaksia zenye kihisi cha joto ukidhani zitakuepusha na punda. Punda naye ana joto.

Fundi wa Malindi

Kweli kabisa. Niongeze kwamba picha kwa kawaida hupunguzwa kabla ya kuchambuliwa, kwa hiyo mtu aliye mwisho wa uchochoro huwa mdogo mno kutambulika, hata kamera iwe ya megapikseli 5. Zile nafasi 2 zipe milango ambayo mtu hupita karibu na kamera. Kamera 4 zilizobaki zirekodi kwa mwendo wa kawaida, eneo la mnazi ulifute kwenye gridi ya utambuzi wa mwendo, na arifa zake za simu uzizime.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Shukran sana. Nimefanya hivyo, na ngazi ya nyuma nimeiachia mwendo wa kawaida ili nafasi yake iende kwenye mlango wa uchochoroni. Usiku wa jana zilikuja arifa 3, zote za watu, mmoja wao akiwa amepanda punda.