Paris na mama mwenye maumivu ya magoti: tulale mtaa gani?

Binti wa Moshi

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwezi wa kumi nitasafiri kwenda Paris pamoja na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi. Nimepata vyumba viwili vyenye bei zinazokaribiana: kimoja kipo jirani na stesheni ya Gare du Nord, wilaya ya 10, na kingine kipo karibu na stesheni ya Olympiades, wilaya ya 13. Kila ninayemuuliza ananiambia nisiende upande wa kaskazini kwa sababu ya vibaka, lakini hakuna anayenifafanulia zaidi ya hapo. Hofu yangu kubwa ni kuibiwa pasipoti, nikaanza kuhangaika huku mama amesimama peke yake. Naomba ushauri wa wanaoufahamu mji huo.

Mkazi wa Ng'ambo ya Mto

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Naishi Paris mwaka wa kumi na moja sasa, na ningependa kwanza nikutoe kwenye fikra ya kuhukumu mtaa kwa namba yake. Wilaya zote 20 zimepangwa kwa kuzunguka kama gamba la konokono kuanzia katikati, na wilaya moja inaweza kuwa na sura mbili: ya 18 ina kilima cha Montmartre kinachofurika watalii, na humo humo ina Château Rouge, ambako mimi hununua ndizi za kupika na samaki wakavu kila Jumamosi bila kuguswa na mtu. Vibaka wa mji huu hufuata watalii. Mwezi Aprili 2013 makumbusho ya Louvre yalifungwa kutwa nzima kwa sababu wafanyakazi waligoma kupinga wingi wa wezi wa mifukoni, na Mei 2015 wafanyakazi wa mnara wa Eiffel nao wakasimamisha kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo jiulize hivi: saa nne usiku, mkiwa mmechoka, ni dakika ngapi kutoka stesheni hadi mlangoni, na njia hiyo ina taa na watu? Gare du Nord mtatokea katikati ya msongamano, mkiwa na mabegi, mahali ambapo mwizi humtambua mgeni kwa kumtazama mara moja tu. Olympiades ipo kwenye laini ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambayo stesheni zake zote zina lifti, jambo ambalo ni nadra katika reli ya chini ya ardhi iliyoanza mwaka 1900. Tena migahawa ya Wachina na Wavietnamu ya avenue d'Ivry na avenue de Choisy huwa na watu hadi usiku. Kwa magoti ya mama, mimi nisingesita.

Msafiri wa Tanga

Naunga mkono. Mimi niliibiwa simu ndani ya treni ya kutoka uwanja wa ndege, mchana kweupe. Nilisimama karibu na mlango nikisoma ramani. Mlango ulipoanza kujifunga, mkono ukapita mbele yangu, na nilichobaki nacho ni kumtazama kijana yule kupitia kioo akiisunda simu ndani ya koti bila hata kukimbia. Tangu siku hiyo huketi mbali na mlango. Kwa kuwa una mzee, chukua teksi rasmi kwenye foleni ya nje, wala usiwafuate wanaokunong'oneza ndani ya ukumbi. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle nauli ni maalumu: mwaka 2025 ilikuwa yuro 65 kwa ng'ambo ya kusini ya mto Seine, iliko wilaya ya 13, na 56 kwa ng'ambo ya kaskazini. Mkipanda kwenye kanisa la Sacré-Cœur, juu ya kilima cha Montmartre, vijana watataka kumfunga mama uzi mkononi kisha wadai pesa. Endeleeni kutembea.

Bi. Zuhura

Mwanangu, pasipoti ivae kwenye kipochi chini ya nguo, cha mama akivae yeye mwenyewe, na nakala ziwe kwenye begi jingine. Ikiibiwa, andikisha taarifa katika kituo chochote cha polisi, kisha nenda nayo ubalozi wetu ulioko wilaya ya 16. Kwa dharura yoyote piga 112. Na kabla hujalipa, muulize mwenye chumba kama jengo lina lifti, kwani majengo mengi ya zamani ya Paris hayana.

Binti wa Moshi

Nawashukuru sana, na mama anaitikia marahaba. Nimechukua cha wilaya ya 13. Mwenye chumba amejibu kwamba lifti ipo, ila kuna ngazi sita kabla ya kuifikia. Mama amesema sita anaziweza.