Leo ameniigiza MIMI, mbele yangu, na mrejesho mbaya nikapewa mimi

Binti_Kawangware:

Wadau, salamu mtanisamehe. Niko ndani ya matatu, tumekwama hapa Adams Arcade, makanga ananidai nauli mara ya pili na hata simwoni kwa hasira.

Huyo aliyeniigiza, mwenzangu wa darasa la ushauri nasaha, simtaji jina. Hakuna haja, mnamjua. Yule wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Yule anayeingia darasani akisema "nawaona, nawathamini" kabla hajashusha begi. Yule aliyeulizwa kitambulisho na mlinzi pale langoni akamjibu, "Nasikia uchungu nyuma ya hilo swali." Huyo huyo.

Kwa wale ambao hawajasomea ushauri nasaha: hii kitu haifundishwi kwa kusoma madaftari tu. Mnagawanywa watatu watatu. Mmoja mshauri, mmoja mteja, wa tatu ni mtazamaji, kazi yake kunyamaza na kuandika. Baadaye mnabadilishana. Ukiwa mteja unaambiwa usilete msiba mzito, leta kajambo kako kadogo, ka kweli, kasikokuvunja mbele za watu. Na kilichosemwa kwenye kikundi kinabaki kwenye kikundi. Hiyo usiri tumeimba mpaka sasa naisema usingizini.

Basi mimi nikaleta kangu, wiki iliyopita. Yeye ndiye alikuwa mshauri. Nikamweleza ile jioni yule mtu wangu aliniacha. Nilikuwa naoga. Natoka bafuni, hakuna mtu, hakuna begi, na sufuria ya maharagwe iko sakafuni. Aliepua maharagwe yangu nusu mbichi akabeba meko ya gesi. Ikiwa bado moto! Nikalia kidogo pale kwenye kiti. Kidogo tu. Na huyu mtu akainama mbele, akanitazama machoni, akawa anatikisa kichwa kama mjusi juu ya ukuta, "mm, mm, nakusikia." Nikasema moyoni, angalau kuna mwanamume mmoja Nairobi hii anasikiza.

LEO SASA. Mwalimu anasema tufanye igizo mbele ya darasa zima, viti viwili katikati, wengine wote duara. Mimi nikaitwa kuwa mshauri. Yeye mteja. Nikakaa vile tumefundishwa, yale matano yote ya Egan, yule mwandishi wa vitabu vya ushauri: nikamwelekea mteja, mikono wazi, nikainama kidogo, macho kwa macho, nikatulia. Nikauliza swali wazi, zuri, la kitabu: "Ni nini kimekuleta leo?"

Akashusha pumzi. Akatoa kitambaa. AKATOA KITAMBAA JAMANI. Akajipangusa jicho lisilo na chozi, na kwa sauti yangu, SAUTI YANGU, pamoja na ile namna yangu ya kuvuta kamasi, akasema: "Madam, aliepua maharagwe akabeba meko."

Darasa likaanguka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nimeganda pale na mikono wazi, nimeinama mbele, namtazama mtu akiniigiza mimi akiniuliza mimi nimsaidie na shida yangu.

Halafu mrejesho. Mtazamaji akasoma karatasi yake: "Mshauri hakuonyesha empathi. Uso ulikuwa wa uadui." Mwalimu, ambaye hakuwa kwenye kikundi chetu wiki iliyopita na hajui lolote, akaongeza kwamba pengine kisa cha mteja kimegusa kidonda changu, kwa hivyo nitafute mshauri wangu mwenyewe. Kisa cha mteja! Kisa cha mteja NI CHANGU! Nimeandikwa kwenye faili kwamba nimeshindwa kujionea huruma mimi mwenyewe.

Na igizo likiisha mtu anafaa kuvua uhusika. Unahama kiti, unasema jina lako, unasema "mimi si yule." Yeye wapi. Kwenye foleni ya chai akanigusa bega, bado na ile sauti, akaniuliza, "Kwani wewe hujawahi kuachwa?"

Nipeni sababu moja tu ya kumwacha hai mpaka Jumamosi.

Jogoo_la_Umoja:

Pole sana dada. Swali moja tu. Maharagwe yaliiva?

Binti_Kawangware:

Sikujibu. Mtu anatoa KITAMBAA halafu wewe unauliza maharagwe.

Mzee_Kibanda:

Mimi si msomi, nauza chakula. Maharagwe nusu mbichi yasiliwe, hasa yale mekundu, yanasokota tumbo vibaya sana. Huyo bwana alitaka kukuacha na kukulaza hospitali kwa mkupuo mmoja.

Jogoo_la_Umoja:

Meko ilikuwa ya kilo 6 au 13? Ya 6 ni mapenzi yameisha. Ya 13 ni wizi, peleka polisi.

SikioLaTatu:

Wacheni mzaha kidogo tuangalie jambo lenyewe. Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1957 aliandika masharti sita ya mteja kubadilika, na moja ni kwamba mshauri awe mkweli kwa nafsi yake ndani ya ule uhusiano. Dada ulikuwa na nafasi ya kusema pale pale, kwa utulivu, "Naona hasira imeniingia." Ingekuwa kazi nzuri sana na mwalimu angekupongeza.

Binti_Kawangware:

SikioLaTatu ningekuwa mkweli kwa nafsi yangu ningempiga na kiti. Umewahi kuona mtu akijipangusa chozi lako? Anajipangusa CHOZI LANGU, na kitambaa chenyewe kimepigwa pasi!

MamaWawili:

Afadhali wako ameiba kisa kimoja. Mimi yule wa kikundi chetu kila akiwa mteja lazima aue mtu. Ameua mjomba, ameua shangazi, ameua rafiki wa utotoni. Jumamosi amemzika babu ambaye tulishamlilia mwezi wa pili. Nikamuuliza, huyu ni babu mwingine? Akaniambia maswali ya ndiyo au la yanamfunga mteja.

Mwanafunzi_wa_Jioni:

MamaWawili shukuru Mungu anaongea. Wangu analala. Mimi namwaga roho, yeye amefumba macho, mwalimu akipita anasema "naona mnafanya kazi na ukimya, vizuri." Ukimya gani na mate yanatiririka kwenye tai? Kesho yake ananiambia alikuwa ananipa nafasi.

Nguruka_Thika_Road:

Sisi tuko na yule wa macho. Aliambiwa amtazame mteja machoni, basi hapepesi. Dakika 50 nzima. Mimi nimelelewa nikiambiwa mtu mzima hakodolewi macho, sasa nimewekwa mbele ya mzee wa miaka ya baba yangu anaitwa mteja, ananitumbulia. Niliungama mambo ambayo sikufanya.

Binti_Kawangware:

Pole Nguruka lakini naomba turudi kwa kitambaa.

BwanaWaMshauri:

Nyinyi mnaumizana huko darasani, jioni mnatuletea nyumbani. Mke wangu yuko kwa hiyo kozi, siku hizi siwezi kusema neno. Jana nimesema sukuma haina chumvi. Ameweka kijiko chini, ameinama mbele, ananiambia, "Kwa hivyo nakusikia ukisema huhisi kuthaminiwa katika hii nyumba." Mama watoto, CHUMVI. Nikanyamaza. Akaandika kwamba nimenyamaza.

Jogoo_la_Umoja:

😂😂😂 Buda hama.

BwanaWaMshauri:

Nihame na nini, meko ni yake.

MgeniMpya22:

Habari zenu. Mimi ni mgeni hapa, nimepita tu. Nasikia hasira nyingi katika huu uzi na naiheshimu. Najiuliza tu, ingekuwaje kama huyo ndugu alikuwa anamzawadia dada fursa ya kukutana na maumivu yake akiwa kiti cha pili? Wakati mwingine kioo kinatuudhi.

Jogoo_la_Umoja:

NI YEYE.

MamaWawili:

NI YEYE, NAMJUA! "Naiheshimu"! Shikeni mlango!

Binti_Kawangware:

WEWE! Akaunti umefungua leo saa moja! Kioo gani? Kioo kinavuta kamasi? Rudisha kisa changu!

MgeniMpya22:

Nakusikia.

SikioLaTatu:

Sasa hapa kuna suala la usiri na si dogo. Tangu 2014 nchi hii ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na bodi yake ipo. Mtu akizoea kubeba siri za kikundi akiwa mwanafunzi, siku atakapokuwa na wateja wa kweli itakuwaje? Ukitaka kisa cha kuigiza, buni chako, au umba mtu ambaye hayuko darasani. Kama dada anataka kulifikisha jambo mbele, aanze kwa mwalimu, kwa maandishi.

Mzee_Kibanda:

Aandike nini? "Mheshimiwa mwalimu, yule aliyelia alikuwa mimi"?

Karatasi_na_Kalamu:

Nimesoma nimenyamaza sasa imebidi. Mimi ndiye niliyekuwa mtazamaji. Mtazamaji anaandika anachokiona, haandiki historia ya watu. Mimi ningejuaje ni kisa chako? Niliona mshauri amekunja ngumi chini ya daftari. Niliona mshipa umesimama shingoni. Nikaandika. Na nilipunguza, kwanza niliandika "mteja yuko hatarini" nikafuta.

Binti_Kawangware:

Kwa nini hukuandika kwamba mteja alikuwa na kitambaa kabla ya kuanza kulia? Nani huenda kulia na kitambaa tayari mkononi? Hiyo si dalili?

Karatasi_na_Kalamu:

Nilimwangalia mshauri, ndivyo nilivyotumwa. Na mkimaliza naomba aliyechukua kalamu yangu ya wino wa kijani aniachie mezani Jumamosi. Mimi ni mtazamaji, sina kazi nyingine, bila kalamu mimi ni mtu ameketi tu.

Mwanafunzi_wa_Jioni:

Karatasi wewe usituletee mambo ya kalamu. Wewe ndiye ulitoa mrejesho wangu mbele ya watu ukaanza na "sijui kama hii kazi ni yako." Tulifundishwa uanze na kilichofanyika vizuri!

Karatasi_na_Kalamu:

Nilianza. Nilisema umefika kwa wakati.

Nguruka_Thika_Road:

😂 Hapo kweli alianza.

MamaWawili:

Mimi kinachoniuma zaidi ya maigizo yote ni chai. Samahani lakini niseme. Tunatoa shilingi hamsini kila mtu kila Jumamosi. Leo nimefika mezani kuna maji moto na majani mawili yanaogelea. Mandazi yameisha kabla watu wa duara la nyuma hawajasimama. Hiyo pesa inaenda wapi?

Nguruka_Thika_Road:

ASANTE. Na maziwa? Tangu mwezi uliopita chai ni ya rangi.

Mwanafunzi_wa_Jioni:

Mweka hazina wa chai yuko humu, nimemwona akipenda ujumbe wa Jogoo. Ajitokeze.

Binti_Kawangware:

Jamani. Uzi wangu.

Mweka_Hazina_wa_Chai:

Nimejitokeza. Kwanza, si kila mtu anatoa hamsini. Kuna watu wanatoa ahadi. Ninayo daftari, nikiisoma hapa ndoa zitavunjika. Pili, maziwa yamepanda bei, muulizeni Mzee Kibanda. Tatu, nani anachukua mandazi matatu na kufunga mawili kwa tishu anasema ni ya mtoto? Huyo mtoto ana miaka ishirini na nane, tunamjua.

MamaWawili:

Unanilenga mimi?

Mweka_Hazina_wa_Chai:

Sijataja jina.

Mzee_Kibanda:

Maziwa yamepanda, hilo ni kweli. Lakini chai ya watu wengi hivyo pika kwenye sufuria kubwa, tia tangawizi, watu hawatauliza maziwa. Naweza kuwaletea Jumamosi, mnilipe kabla.

Jogoo_la_Umoja:

Mzee wewe ni mfanyabiashara, umengoja nafasi yako vizuri.

Nguruka_Thika_Road:

Sufuria ya nini na tulichanga tukanunua birika la umeme? Liko wapi birika? Leo maji yalitoka kwa chupa ya mlinzi.

MamaWawili:

Ehe! Birika! Mweka hazina, soma hiyo daftari sasa.

SikioLaTatu:

Birika niko nalo mimi. Nililibeba nyumbani kwa usalama wakati ule darasa lilikuwa linapakwa rangi. Nitalirudisha.

Mwanafunzi_wa_Jioni:

Darasa lilipakwa rangi mwaka jana.

SikioLaTatu:

Nasikia kuna wasiwasi. Jumamosi nakuja nalo. Ila waya wake sikuuona, nilidhani uko na mweka hazina.

Mweka_Hazina_wa_Chai:

Waya gani??