Mrejesho: mguu wa nyuma wa Corvette kwenye pikapu S-10

Wakuu, niliuliza kama mguu wa nyuma (ekseli na saspensheni yake) wa Corvette C4, gari la michezo la Chevrolet kizazi cha nne, ule wa kila tairi kujitegemea, unaweza kukaa kwenye pikapu yangu ya Chevrolet S-10 huku Texas. Umekaa, asanteni sana aisee.

Nati za tairi hazikusumbua, gari zote mbili zina nati tano kwenye duara la inchi 4.75. Aliyesisitiza pua ya difu (sehemu yake ya mbele, propela inapoingia) ishikwe vizuri, Mungu akubariki kaka, maana kwenye Corvette kuna boriti ya aluminiamu inaunganisha difu na giaboksi, pikapu haina, so fundi kachomelea chuma kinachovuka chesisi na kuweka mabano yenye bushi, saivi nikikanyaga mafuta ghafla difu haijipindui. Ile springi bapa ya faiba nimeiacha, nimefunga koilova (shokomzoba yenye springi ya koili juu yake) kama mlivyoshauri.

Pembe ya propela, ile shafti ya kutoka giaboksi kwenda difu, tumeilinganisha na giaboksi, mtetemo umepungua ila kuanzia spidi ya maili 60 kwa saa bado upo kwa mbali. Na mzigo ndo basi tena, nikipakia mbao nyuma inalala, tairi zinainamia ndani kwa juu. Kona lakini, acha kabisa! Handibreki bado, nasubiri waya mrefu zaidi.