Filamu za kisasi: tukio la ubakaji lionyeshwe kiasi gani?

Kalamu_ya_Usiku

Wakuu, salaam. Kuna skripti ya filamu ya kutisha ya dakika 90. Mwanamke anabakwa na wanaume watatu, wanamwacha wakidhani amekufa, anarudi kuwamaliza mmoja mmoja. Mtayarishaji anataka ubakaji uonekane mwanzo mwisho. Anasema mtazamaji asipowachukia wale watu, kisasi hakitanoga. Mwongozaji anataka tukio lote liondolewe, libaki kutajwa kwa maneno tu. Nani yuko sahihi? Na likibaki, linapigwaje bila kumwumiza mwigizaji? Mahubiri tuyaweke kando tafadhali, nataka ufundi.

MezaYaUhariri

Hoja ya mtayarishaji wako ilishajaribiwa zamani, mkuu. *I Spit on Your Grave* ya Meir Zarchi (1978) inatumia karibu robo ya muda wake kwenye ubakaji. Zarchi amesimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kumsaidia msichana aliyebakwa New York mwaka 1974, kwa hiyo sitamtilia shaka nia yake. Lakini mhakiki Roger Ebert, aliyeiona ukumbini Chicago na kuinyima hata nyota moja, aliandika kuwa baadhi ya watazamaji waliokaa karibu naye walikuwa wakiwashangilia wabakaji. Mwaka 1992 msomi Carol Clover akaitetea filamu hiyohiyo: kwake, hata mtazamaji wa kiume anavutwa kukaa upande wa mwanamke. Picha ni zilezile, wasomaji wawili. Kurefusha tukio hakukuhakikishii kwamba ukumbi utawachukia unaotaka wachukiwe.

Kinachoamua ni kamera imesimama wapi. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2010, BBFC, bodi inayopanga filamu kwa umri kule Uingereza, ilikata vipande 17, jumla sekunde 43 tu. Ubakaji wenyewe ulibaki. Kilichoondoka ni shoti za uchi zilizolifanya tukio liamshe hamu, na shoti za udhalilishaji zilizomgeuza mtazamaji kuwa mshirika. Kumbuka katika hadithi ile mmoja wa wanaume anarekodi kwa kamera ya mkononi. Ukimkalisha mtazamaji nyuma ya kamera hiyo, umeshamwingiza kwenye genge.

Kwa hiyo chukua orodha ya shoti za tukio, na pembeni ya kila moja andika haya macho ni ya nani. Shoti yoyote inayomwangalia mwanamke kutoka juu, mahali alipo mbakaji, ieleze kwa sentensi moja kwa nini ipo. Ukikosa sentensi, ifute. Shoti ya kiungo cha mwili bila uso, ifute bila mjadala. Halafu fanya jaribio hili: tukio likinyofolewa peke yake na kurushwa mtandaoni bila filamu nzima, mtu wa nia mbaya atapata anachokitafuta? Maana litanyofolewa, usijidanganye.

Shoti_Moja

Naunga mkono, ila msimkimbilie mwongozaji kana kwamba kuficha ni usafi. Ukiliondoa kabisa, mara nyingi mwanamke anabaki sababu tu ya damu kumwagika, na ubakaji unakuwa kama ufunguo wa kuwashia gari.

Kati ya kuonyesha na kuficha kuna njia nyingi. Coralie Fargeat kwenye *Revenge* (2017) anampeleka mtazamaji kwa mtu wa tatu, rafiki wa mbakaji: huyo anafungua mlango, anaona kinachoendelea, anaufunga, anaongeza sauti ya televisheni, kisha anaenda kuogelea. Yule wa bwawani unamchukia kuliko unavyotarajia, na kilichotumika ni mlango na rimoti. (Binafsi sijaridhika na jinsi kamera inavyomkodolea macho shujaa dakika za mwanzo, hata kama ni makusudi.) Jennifer Kent kwenye *The Nightingale* (2018), Tasmania ya 1825, haondoki chumbani, ila anabaki kwenye nyuso, na fremu yake ni ile nyembamba ya zamani karibu na 4:3, kwa hiyo uso ukikaa karibu hakuna nafasi ya kitu kingine. Bado wapo waliotoka ukumbini Sydney mwaka 2019. Ukichagua kubaki chumbani, ukubali hilo.

Kuna pia *Irréversible* ya Gaspar Noé (2002): tukio la ubakaji ni kamera iliyotulia chini, shoti moja, dakika kama tisa. Wengi hubishania dakika hizo na kusahau kuwa hadithi inakwenda kinyumenyume: kisasi kinakuja kwanza, na anayepondwa kwa mtungi wa kuzimia moto siye mbakaji. Mbakaji amesimama pembeni anatazama. Mtayarishaji anayetaka kisasi kinoge aangalie hapo kwanza.

Bi_Ratiba

Kalamu, mimi nijibu la seti, kwa sababu hapo ndipo watu huumia kweli.

Usisikilize mtu anayekwambia mwigizaji asielezwe kila kitu "ili itoke halisi". Kwenye *Last Tango in Paris* (1972) mwigizaji Maria Schneider alikuwa na miaka 19. Mwongozaji wake, Bertolucci, alikiri mwaka 2013 kwamba hakumwambia mapema kuwa siagi ingetumika kwenye tukio la ubakaji, kwa kuwa alitaka mshtuko wa msichana, siyo wa mwigizaji. Ngono ilikuwa ya kuigiza. Fedheha haikuwa ya kuigiza.

Tangu HBO ilipoanza na tamthilia ya *The Deuce* mwaka 2018, kazi ya kusimamia matukio ya ngono na uchi ina mtu wake: mratibu wa matukio ya faragha. Kama bajeti haimfikii, mteue mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha shoti, na asiwe mwongozaji wala mtayarishaji.

Kiambatanisho cha mkataba kiandikwe mapema, angalau saa 48 kabla ya kupiga: sehemu gani ya mwili itaonekana, nani atagusa wapi, nguo gani itachanwa, na nani atazitunza picha zisizotumika. Mwigizaji akibadili mawazo asubuhi ile, ratiba inabadilika, siyo yeye. Mfanye mazoezi kwa hesabu kama pigano la upanga, moja mkono, mbili geuka, wakiwa na nguo zao zote. Neno la kusimamisha liwe moja na kila mtu alijue, hadi mshika maiki. Siku yenyewe wabaki wanaohitajika tu, skrini ya kufuatilia iwe moja, simu zibaki nje. Kati ya miili kuwe na mto mwembamba na nguo za rangi ya ngozi.

Hila kubwa ni hii: shoti ya uso wa mwanamke haihitaji mwanaume juu yake. Mlaze peke yake, fundi atikise godoro kutoka chini ya fremu. Shoti pana ya wote wawili ipigwe kivyake, pembe ifanye kazi ya mgusano, marudio yawe machache. Msiiweke siku ya kwanza, wala mwisho wa usiku watu wamechoka. Na anayeigiza mbakaji naye aulizwe hali yake. Huyo husahaulika kila mara.

Sauti inaharibu zaidi ya picha. Mhariri akichota vilio kwenye maktaba ya sauti na kuweka muziki chini yake, kazi yote ya kamera inakwenda na maji. Rekodini pumzi kivyake na muziki msiweke.

Kalamu_ya_Usiku

Shukrani sana, Bi_Ratiba na wote. Tumekubaliana tukio liwe chini ya ukurasa mmoja. Sasa mtayarishaji anauliza chuki itatoka wapi.

Shoti_Moja

Itoke kwenye yanayofuata. Mpe mwanamke kurasa nne za baada ya tukio. Hata ile ya Zarchi ya 1978 ina kitu kizuri hapo: mwanamke anaunganisha kurasa za muswada wake zilizochanwa. Na kisasi chenyewe kiwe na uzito; kwenye *Violation* (2020) mwili uliovuliwa ni wa mwanaume, na mlipizaji anatapika. Watazameni wale watatu wakila chakula cha usiku siku ileile, wakicheka mambo ya kawaida kabisa.

MezaYaUhariri

Na mkataba wa usambazaji, mkuu, usiusahau. Filamu ya Zarchi alikuwa ameiita *Day of the Woman*. Msambazaji ndiye aliyeipa jina lililovuma. Andikeni wazi kwamba trela na bango havitachukua fremu hata moja kutoka tukio hilo, na kwamba kubadili jina kunahitaji saini ya mwongozaji.