Kompresa mbili, tangi moja: nonritani moja inatosha?

Swali: Wakuu, gereji ina kompresa mbili, kila pampu silinda mbili, mota za fezi moja. Nataka zijaze tangi moja la lita 300. Nimeambiwa niunganishe mabomba kwa tii (kiungo cha njia tatu), kisha nonritani moja (valvu inayopitisha hewa upande mmoja tu) mlangoni mwa tangi. Inatosha?

Jibu: Haitoshi. Kila pampu iwe na nonritani yake kabla ya tii. Ukiweka moja tu baada ya tii, upande wa tangi, pampu A ikiwa kazini inasukuma hewa hadi kichwani mwa B iliyozimwa. Hewa hiyo inatoka kupitia kijibomba cha kuachia presha cha B (kile kinachomwaga presha ya kichwani swichi ya presha inapozima mota), tangi halijai. Kijibomba kikiziba ndiyo mbaya zaidi: B ikiwashwa inakuta presha juu ya pistoni, mota inaunguruma bila kuzunguka, breka inakata au kapasita ya mota inaungua.

Silinda mbili za pampu moja hazihitaji nonritani mbili. Valvu za kichwani zinafanya kazi hiyo.

Jibu: Naongezea. Kijibomba hicho kiungwe kati ya pampu na nonritani. Ukikiunga upande wa tangi, swichi ikizima tu tangi linamwaga hewa yote.

Nonritani ya maji usiguse. Raba yake haihimili joto la hewa itokayo pampuni, na kile kibao cha bawaba hupigwapigwa na mapigo ya pistoni mpaka kinalegea. Nunua ya kompresa, yenye springi, uifunge karibu na tangi. Bomba liwe la shaba. PVC hupasuka vipande vinavyoruka, inajeruhi vibaya. Na tafadhali, usiweke koki kati ya pampu na tangi kama upande wa pampu hauna sefti valvu (inayoachia hewa presha ikizidi).

Muuliza swali: Shukrani. Nitajuaje nonritani imechoka?

Jibu: Jaza tangi, acha swichi izime, sikiliza kijibomba. Mlio wa sekunde chache ni sawa. Ukiendelea "sss" bila kukoma, nonritani inavujisha. Zima umeme, mwaga hewa yote, ndipo ufungue. Mara nyingi utakuta masizi ya oili au kipande cha teflon (utepe wa kuzibia nyuzi) kimekaa kwenye kiti, pale valvu inapokaa ikijifunga. Ukifunga upya, acha nyuzi (meno ya skrubu) mbili za mwanzo bila teflon.

Swichi za presha zipishanishe: A iwake bar 6 izime 8, B iwake 5.5 izime 7.5, mota zisianze kwa pamoja.