Acheni kumjazia Blissey ulinzi maalumu, mnaziua timu zenu wenyewe

Jamani, hili sasa limezidi. Kila timu ya mchezo wa Pokémon inayoletwa hapa ikaguliwe, iwe ya mtu wa Unguja au wa Pemba, Blissey, Pokémon wa kukinga mwenye uhai mwingi, ni yule yule: EV (pointi za mazoezi unazogawa mwenyewe) 252 kwenye uhai, 252 kwenye ulinzi maalumu (wa mapigo yasiyo ya mwili), tabia Calm, inayoongeza ulinzi huo huo. Akilala kwa pigo moja, mwenyewe anakuja kulalama kuwa Blissey hafai. Hafai vipi, na wewe ndiye uliyemwacha uchi?

Hebu shikeni kalamu. Levo 100, IV (pointi za kuzaliwa nazo) 31. Bila EV hata moja Blissey ana ulinzi maalumu 306, na uhai wake ule unatosha kumkalisha mbele ya wapigaji wengi wa upande huo. Ulinzi wa mwili bila EV ni 56. Hamsini na sita! Hiyo ni karatasi ya kufungia njugu. Tia 252 hapo na tabia Bold, inayoongeza ulinzi wa mwili, unapata 130, zaidi ya mara mbili. EV hizo hizo 252 kwenye uhai zinakutoa 651 hadi 714 tu. Sababu ni kwamba kwenye levo hiyo kila EV 4 zinaongeza pointi 1, msingi uwe 10 au 255, kwa hiyo palipo na kidogo ndipo zinapoonekana. Bold nayo inapunguza nguvu za kushambulia kama Calm, na Seismic Toss, pigo analolitumia, haizitumii kabisa. Hupotezi kitu.

Na msiniambie "mimi namtumia kwa mapigo maalumu tu." Psyshock ni pigo maalumu lakini linapimwa kwa ulinzi wa mwili, na ndilo wenye akili wanalombebea Blissey wako.

Jengine ni Leftovers, kile kifaa cha kubeba kinachorudisha uhai kidogo kidogo. Akiingia penye Stealth Rock, mawe ya mtego yaliyotegwa na adui, anapoteza 89 kati ya 714, Leftovers zinarudisha 44 kwa zamu. Mvisheni Heavy-Duty Boots, buti za kumkinga na mitego hiyo, zipo tangu 2019! Wallahi sielewi ubishi wa nini.

Seismic Toss inatoa 100 kamili na Pokémon wa aina ya Ghost haimgusi. Adui mwenye uhai 404 anaweka Substitute (sanamu ya kumkinga, kwa robo ya uhai wake) ya 101, ukiipiga inabaki na 1, na anaendelea kujipandisha nguvu nyuma yake huku wewe unatazama. Kwa hiyo lazima timu iwe na mwengine wa kumfukuza. Blissey peke yake si ukuta wa kila kitu.

Na nyinyi mnaowabandikia wageni seti za miaka ya nyuma, nyinyi ndio mnaonikera khasa. Soft-Boiled, ile ya kujirudishia uhai, ilikuwa inafika mara 16 kwa mechi. Tangu michezo ya Scarlet na Violet ya 2022 mwisho ni mara 8. Mgeni anaibonyeza kila zamu kama mlivyomfundisha, zinamwishia katikati ya mechi. Rudini kwenye majibu yenu ya zamani muyarekebishe, leo.