Ushauri: ng'ombe kafa ghafla, chokaa inatosha? (Kibosho, Moshi)

Mgomba_Mbivu: Wakuu, msaada wa haraka. Ng'ombe wa maziwa amekutwa amekufa bandani, jioni alikula vizuri. Nimechimba shimo la mita 1 migombani, chokaa mifuko 2 ipo. Inatosha?

Fundi_Mifugo: Damu ilitoka puani au njia ya haja? Mzoga ulikakamaa?

Mgomba_Mbivu: Puani, nyeusi, haigandi. Hakukakamaa.

Fundi_Mifugo: Mhesabu kuwa ana ugonjwa wa kimeta (anthrax) mpaka maabara iseme vingine. Usimpasue! Mzoga mzima ukioza, bakteria hufia humo kwa kukosa hewa. Ukipasuliwa, bakteria hupata hewa na kugeuka spora, yaani umbo lao gumu la kujihifadhi, na spora hukaa udongoni miaka mingi mno. Chokaa iache, kalsiamu yake huzisaidia kudumu.

Mama_Sakina: Chanjeni waliobaki! Ila wasidungwe antibiotiki kama penisilini au oksitetra wakati huohuo. Chanjo ya kimeta ni bakteria hai, dawa itawaua bakteria hao na chanjo haitafanya kazi.

Tambarare: Ng'ombe wa ndani apate kimeta wapi, Kibosho? Hii umetunga.

Fundi_Mifugo: Majani, ndugu. Yakikatwa tambarare na kupandishwa na pikapu, huweza kuja na udongo wenye spora. Mangi, mzoga uko wapi sasa hivi?

Mgomba_Mbivu: Alishachunwa. Majirani waligawana nyama, ngozi iko juani, matumbo nimezika. Lakini nyama ilichemshwa sana! Nikimwita afisa mifugo si nitashtakiwa?

Tambarare: Mbona hukusema mwanzo?

Mama_Sakina: Baba, kutoa taarifa ni lazima, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Hapo kuna watoto wa watu.

Fundi_Mifugo: Kuchemsha hakumlindi aliyeshika kisu. Waliochuna na waliokula waende hospitali leo na walitaje neno kimeta, wasisubiri kidonda cheusi kisichouma. Nyama iliyobaki, ngozi, majani ya kulalia na udongo wenye damu vichomwe mbele ya afisa. Shimo la kuchomea liwe nusu mita kwenda chini, na katikati mfereji wa hewa robo mita kwa robo mita, urefu wake upite ncha zote mbili za shimo, vinginevyo moto unazimika na nyama inabaki mbichi ndani. Kuzika ni pale kuni zinapokosekana, si chini ya mita 2, mbali na maji. Visu vichemshwe nusu saa, sufuria ikifunikwa.

Mgomba_Mbivu: Matumbo yako juu kidogo ya mfereji wa kijiji. Nifukue?

Fundi_Mifugo: Hapana! Zungushia miba, mbwa wasifike, na mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi. Mfereji huo watu wa chini wanakunywa.